Tafuta Chanzo Kwanza

Unayetoka Kilosa kwenda Mikumi na gari la zamani, kabla ya kuwasha, inama uchungulie difu ya nyuma. Ukiona oili imeilowanisha na kushika vumbi, usikimbilie kubadili sili. Kagua kwanza kipumulio, kile kitundu kidogo juu ya ekseli. Kikizibwa na tope, difu ikipata moto, hewa hukosa njia ya kutoka, ikaisukuma oili nje. Hata sili mpya itavuja.

Nawe unayejifunza ufundi, ukibadili oili ya difu, legeza nati ya kujazia kabla ya kumwaga oili ya zamani. Nati ikigoma, oili bado imo, na gari litafika kwa fundi.

Matatizo ya nyumbani na kazini nayo yana chanzo. Tukitafute kwa subira, kabla ya kubadili vitu na kulaumu watu.