Amri ya Nne Haiishi Mlangoni pa Nyumba ya Wazee



Ninyi nyote mwajua amri ya nne ya Mungu, inayotuagiza kuwaheshimu wazazi wetu. Wengi hudhani imewekwa kwa ajili ya watoto wadogo tu, ili watii wanapotumwa kuchota maji. Sivyo. Inawapasa hasa watu wazima, siku ile wazazi wao wanapoishiwa na nguvu.

Pahali pa mzazi mzee ni nyumbani mwa watoto wake. Lakini huenda mama hawezi tena kusimama, binti yake ni mgonjwa, na wana wengine wamekwenda kazi mbali. Basi wanampeleka kwa Masista, katika nyumba ya wazee. Je, ni dhambi? Kama nyumbani hakuna awezaye kumwinua, kumwosha na kumlisha, si dhambi. Lakini kama wampeleka ili wasiuone tena uzee wake, wamemtupa, hata chumba kikiwa kizuri namna gani.

Sikilizeni habari ya Mtakatifu Jeanne Jugan, mtumishi maskini wa nchi ya Ufaransa. Mwaka wa 1839, wakati wa baridi, katika mji wa Saint-Servan, alimpokea mama mzee kipofu, aliyepooza nusu ya mwili. Akampa kitanda chake mwenyewe, naye akaenda kulala darini. Ndivyo ilivyoanza kazi ya Masista Wadogo wa Maskini, wanaotunza wazee katika nchi nyingi mpaka leo. Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka wa 2009. Angalieni: hakumpa yule mama pahali palipobaki; alimpa pahali pake.

Nasi tunapomweka mzazi katika chumba kipya, tusimweke kama mzigo ghalani. Tumwambie ukweli kabla ya safari. Tusimdanganye kwamba anakwenda kutembea siku mbili. Bwana wetu hakumficha Petro kwamba uzeeni atapelekwa asikotaka (Yoane 21, 18). Tumwulize mwenyewe anataka kuchukua nini: msalaba wake, rozari, kitenge alichozoea kujifunika, kiti chake kifupi. Kitanda kiwekwe pahali anapoweza kuuona mlango, maana mzee hungoja. Tuwaambie Masista jina analopenda kuitwa, chakula asichokula, na jambo linalomwogofya usiku. Tumjulishe Padri, mzee asikose Ekaristi Takatifu wala Mpako wa Wagonjwa.

Kisha twende kumtazama mara kwa mara. Yezu aliwakemea Mafarisayo waliosema kwamba mali iliyowekwa sadaka kwa Mungu haiwezi tena kuwasaidia wazazi (Marko 7, 9-13). Basi mtu asiseme: «Mimi nalipa kila mwezi, yatosha.» Feza haimshiki mama mkono.

Swali: Aliyempeleka mzazi wake katika nyumba ya wazee, je, amemaliza wajibu wa amri ya nne?

Jibu: Hapana. Kumwosha na kumlisha amewakabidhi wengine; kumpenda, kumtembelea na kumwombea hawezi kumkabidhi mtu.

Ndugu wapendwa, siku ya Mungu ijayo, baada ya sala, ingieni kwa mzee mmoja wa kijiji asiye na mtu. Msisimame mlangoni. Ketini naye, mkamsikilize mpaka amalize maneno yake.