Kupewa Boti Kuukuu Ni Dharau?

Ukipewa kitu kilichochakaa, umedharauliwa? Swali hili sisi wakimbizi tunalijua bila kufundishwa. Viatu vyetu vilishatembea kwa miguu ya wengine. Vitabu vya watoto vina jina la mtoto mwingine ukurasa wa kwanza.

Mwaka huu swali limetufuata mpaka ziwani. Vijana ninaofanya nao kazi hapa Bujumbura walialikwa Jumamosi na Jumapili kujifunza kuendesha boti ndogo za tanga. Boti zilikuwa tatu. Sisi tukapewa ile kuukuu: rangi imebanduka, tanga lina viraka, na chini maji yanaingia polepole. Kijana mmoja akasema, “Kaka, unaona? Mkimbizi ni wa makombo tu.”

Siku ile upepo ulikuwa mzuri, hatukubishana. Namjibu hapa.

Kwanza, uzee wa chombo si tusi. Ziwa letu lenyewe ni shahidi. Meli Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate, lakini kabla ya hapo walipaka mashine zake grisi zisiharibike. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mwaka 2015 ikabeba maelfu ya Warundi waliokimbia, kutoka Kagunga hadi Kigoma. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kuuliza meli ni ya mwaka gani. Anauliza kama itafika.

Basi dharau iko wapi? Mimi naona iko kwenye kunyamaza. Mzee aliyetufundisha hakunyamaza. Kabla hatujaingia alituonyesha kila kasoro: hapa panavuja, kopo likae karibu, usukani ni mzito ukigeukia kulia, kamba hii nimeibadilisha, ile bado, msiivute kwa nguvu. Akatufundisha na kuziba. Anayekuambia ukweli wa chombo amekuhesabu kuwa mtu mzima. Anayekupa huku anatabasamu na kuficha tundu, huyo ndiye amekudharau, hata kama boti inang’aa.

Kuna mpaka pia. Jaketi la kujiokoa lililooza hapewi mtu yeyote, awe mkimbizi au balozi. Uzee unaovumilika ni ule unaoongeza kazi. Ule unaohatarisha roho ya mtu, hapana.

Lakini kijana wetu ana haki kwenye jambo moja: kwa nini kuukuu iwe yetu kila mara? Jumapili tuliomba zamu, na waandaaji wakakubali. Kila kundi likaingia boti ile, kila kundi likachota maji kwa kopo. Hakuna aliyesema tena neno makombo.

Ndugu zetu wa mashirika, mkileta kitu cha zamani, leteni na kasoro zake mdomoni, na mtu wa kutufundisha kukitengeneza. Kisha jiulizeni kama mngempa mwanenu.

Na sisi wa kambini, tusikatae kitu kwa sababu ya rangi yake. Tuulize kinavuja wapi, na zamu ya wengine ni lini. Kuuliza hivyo si kukosa shukrani.