Nani amekuchagulia lugha na nchi ya kompyuta yako?

Kompyuta mpya inapowashwa kwa mara ya kwanza huuliza mambo mawili kabla ya yote: lugha gani, na nchi gani. Wengi wetu hatujibu. Tunabonyeza kitufe cha kuendelea, na mashine inabaki na jibu ililokuja nalo, ambalo mara nyingi ni Kiingereza cha Marekani. Tunadhani hatukuchagua kitu. La hasha! Amechagua mtu mwingine, nasi tumeridhia.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya mafundi, Uislamu unaingiaje hapo? Unaingia kwa mlango wa amana, hasa kwa anayewaandalia wengine mashine: mwalimu wa madrasa, katibu wa msikiti, kijana mwenye duka la kuchapa barua. Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kuhusu uchungaji hayakuishia kwa watawala.

Chukua suala la deni. Aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, ambayo ni ndefu kuliko zote katika Qur'an, inaamrisha deni la muda liandikwe, na mwandishi awe mwadilifu. Muda wenyewe lazima ujulikane. Sasa, Wamarekani hutanguliza mwezi kabla ya siku, sisi hutanguliza siku. Katibu wa mfuko wa kukopeshana akiandika 5/6/2025 akikusudia tarehe 5 Juni, mashine iliyopangwa Kimarekani inaelewa ni tarehe 6 Mei, na kwenye kioo hakuna kinachobadilika cha kumshtua. Siku orodha ya wadaiwa itakapopangwa kwa tarehe, mvuvi aliyeahidi kulipa Juni atajikuta amechelewa karibu mwezi mzima. Hakuna aliyesema uongo, lakini heshima ya mtu imeshavunjwa mbele ya jamaa zake. Je, aliyeiacha mashine hivyo hana fungu katika dhulma hiyo? Mimi naona analo, kwani ndiye aliyemkabidhi mwandishi kalamu.

Kuhusu nchi, sisi wa Moa tuna kisa chetu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana bara hili, mstari wao ulianzia mto Umba, kaskazini kidogo ya kwetu. Wadigo na Wasegeju wakabaki pande zote mbili, mtu ana shangazi Vanga na mjomba Moa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Microsoft ilipoiweka lugha yetu katika Windows XP, orodha ilikuwa na Kiswahili kimoja tu, nacho kiliandikwa ni cha Kenya. Mtu wa Moa aliyetaka siku na miezi kwa Kiswahili alipewa pamoja na shilingi ya Kenya, mpaka aende kuibadilisha mwenyewe. Hata majira yetu, ukiyatafuta kwenye Windows, utayakuta yameandikwa Nairobi. Hilo halina madhara, saa zetu ni moja. La sarafu lina madhara, maana shilingi hizi mbili zimeshirikiana jina, si thamani. Leo simu za Android zina Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, hivyo hatuna tena udhuru.

Tuje kwenye lugha. Baadhi ya ndugu huweka Kiarabu, tena cha Saudi Arabia, kwa kutafuta baraka. Nia yao naiheshimu. Lakini Windows ikipangwa hivyo, kalenda nayo hugeuka ya Hijria, iliyopigwa hesabu, si ya mwezi ulioandama huku kwetu, nasi tunalijua zogo la mwezi kila Ramadhani. Kisha kuna mama, anayeshika simu hiyo hiyo, anayesoma msahafu vizuri bila kujua maana ya neno moja moja. Likija onyo kwamba namba zote zitafutwa, atabonyeza nini? Kusoma Qur'an kwa Kiarabu ni ibada. Onyo la simu ni maelekezo tu, na Surat Ibrahim aya ya 4 inatuambia Mitume wenyewe walitumwa kwa lugha za kaumu zao. Sembuse simu!

Kiingereza kina hoja nzito zaidi. Mwanafunzi wa sekondari anafundishwa na kutahiniwa kwa lugha hiyo, na Kiswahili cha mashine si rahisi kwa kila mtu. Hata hivyo kisisingiziwe kuwa hakiwezi: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa Sweden, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, bure.

Bahati nzuri lugha na nchi ni maswali mawili tofauti. Maabara ya sekondari unaweza kuiachia Kiingereza, lakini nchi ukaweka Tanzania ili tarehe na sarafu ziwe zetu. Kompyuta ya madrasa na ya msikiti, Kiswahili. Simu ya mama, muulize mama.

Limebaki la siku ya kwanza ya juma. Mashine huweka Jumapili au Jumatatu. Lugha yetu yenyewe inahesabu kuanzia siku inayofuata Ijumaa: mosi, pili, tatu. Vyuo vya Qur'an vya pwani vimezoea kupumzika Alhamisi na Ijumaa, na Windows za sasa zinakuruhusu kuchagua. Kwenye ratiba ya madrasa, safu ya kwanza ni Jumamosi.