Jasho la Nani?

Matembezi yangu ya kwanza baada ya operesheni yalikuwa ya mita 20 hivi, kutoka kitandani hadi mwisho wa korido ya wodi, halafu kurudi. Nilikuwa nimetoka chumba cha upasuaji saa chache tu zilizopita. Nesi alinishika kiwiko kwa mkono mmoja, kwa mwingine akasukuma chuma cha dripu. "Twende dada, polepole. Ukilala tu hivyo, damu itaganda miguuni." Nilitembea nimejikunja kama ajuza anayetafuta sindano sakafuni. Tulipofika dirishani akaniambia nimefanya vizuri sana, nami nikaanza kulia. Maishani mwangu sikuwa nimewahi kusifiwa kwa kutembea.

Nina miaka 32. Asubuhi ya siku ile mizani ilisema kilo 131. Madaktari walitoboa matundu matano madogo tumboni, wakakata karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula, wakaniachia kipande chembamba chenye umbo la ndizi. Sikushonwa mdomo wala sikuongezwa akili. Nilipunguziwa tumbo, basi.

Wa kwanza kujua alikuwa mama. Yeye analima kahawa Murang'a, na kila shilingi aliyowahi kuishika ilikuwa na udongo wa shamba. Nilipomwambia kwamba nimetumia akiba yangu yote pamoja na mkopo wa chama, alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Kwani hungefunga mdomo tu, bure?"

Nilicheka, kwa sababu alisema kwa upole, na kwa sababu wiki hiyohiyo alinitumia trei ya mayai kwa matatu. Lakini swali lake lilikaa nami. Baadaye rafiki yangu wa tangu shule alilisema kwa lugha ya mjini: "Si mbaya, lakini ni njia ya mkato, ama?"

Wacha niseme kwa nini neno hilo linauma. Sisi tumelelewa katika nchi ambayo njia za mkato zimetuumiza. Tunamjua aliyenunua cheti, aliyepata kazi kwa simu ya mjomba, mwenye tenda ya barabara aliyeweka lami nyembamba kama siagi ya mkate wa hoteli. Kwa hivyo tunaamini, na nadhani tuna haki, kwamba kitu halali kina jasho ndani yake. Mchumia juani hulia kivulini. Mtu akila kivulini kabla hajaonekana juani, tunauliza ameiba kwa nani.

Swali langu ndilo hili: je, mwili unaopungua bila jasho la mwenyewe ni mali ya wizi?

Hebu tuanze na miwani. Mimi nimevaa miwani tangu darasa la sita, na hakuna aliyeniambia nimetafuta njia ya mkato ya kuona, kwamba wenye nidhamu wanakodoa tu mpaka ubao uonekane. Mwenye shinikizo la damu humeza dawa na hatuulizi kama amejaribu kwanza kuwa mtu mwema. Kwenye unene tu ndipo matibabu yanageuka kuwa udanganyifu. Sababu, naona, ni kwamba unene hatuuhesabu kama ugonjwa. Tunauhesabu kama dhambi, na dhambi haiondolewi kwa kisu, inatubiwa. Toba yake ni mazoezi.

Mimi mwenyewe nilikuwa muumini mkubwa wa dini hiyo. Kwa miaka minne nilikuwa na kadi ya jimu. Niliamka saa kumi na moja alfajiri nikakimbia juu ya mashine nikiangalia namba, na kila namba ilikuwa risiti. Hii ni ya chapati ya jana. Hii ni ya keki ya harusi ya binamu. Nikishindwa kwenda siku mbili, niliona deni limeongezeka riba, nami nikafanya wanavyofanya wadaiwa wengi wakilemewa: nilizima simu na kujificha. Nilipunguza kilo 14 mara moja, nikarudisha 19. Sikuwahi kufurahia kukimbia hata dakika moja. Nani hufurahia kulipa faini?

Kisha ikaja operesheni, na kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniandalia: kimya. Sehemu ya tumbo iliyokatwa ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni inayoitwa grelini, ile inayopiga kelele kichwani kwamba una njaa. Kelele ile nilikuwa nimeisikia kwa miaka yote, nikadhani ni sauti yangu. Wiki ya tatu nilipita mbele ya kibanda cha chipsi pale Roysambu, chini ya daraja la waenda kwa miguu, jioni, mafuta yananukia mpaka ng'ambo ya Thika Road. Nikapita. Sikushindana na chochote. Nilifika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba nimepita.

Sasa, je, hiyo ilikuwa nidhamu?

Kant angesema hapana. Katika kitabu chake cha 1785 kuhusu misingi ya maadili, anatupa mfano wa mtu mwenye moyo mkunjufu anayesaidia wengine kwa sababu tu anapenda kusaidia. Kant anasema tendo lake linapendeza na linastahili sifa, lakini halina thamani halisi ya kimaadili. Thamani hiyo inaonekana siku mtu huyo amezidiwa na huzuni, hana hamu na yeyote, na bado ananyanyuka kusaidia kwa sababu ni wajibu. Kwa kipimo hicho, mimi wa zamani, niliyepita kibanda mara moja kati ya kumi huku nikitokwa na machozi, nilikuwa na thamani kuliko mimi wa sasa.

Aristotle anaona tofauti. Yeye hutenganisha mtu anayetamani vibaya na kujizuia kwa nguvu, na mtu ambaye tamaa zake zenyewe zimetulia. Na kwa Aristotle huyu wa pili ndiye bora, kwa kuwa ndani yake hakuna vita. Niliposoma hivyo nilifurahi kama mtu aliyepata wakili. Lakini wakili akaendelea kusoma faili. Mtu huyo mtulivu, anasema Aristotle, hupata utulivu wake kwa mazoea: tunakuwa wenye haki kwa kutenda haki, wenye kiasi kwa kutenda kwa kiasi, tena na tena, mpaka inakuwa tabia. Hajasema popote kwamba utulivu unaweza kufanyiwa kazi na daktari ukiwa umelala usingizi wa dawa.

Kwa hivyo nikabaki katikati. Sikuwa mshindi wa vita wala mtu mwenye tabia njema. Nilikuwa mtu ambaye adui yake alikuwa amesafiri. Na daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba adui huyo hurudi: kwa wengi, baada ya mwaka mmoja au miwili, njaa huanza kubisha hodi tena. Kilichonunuliwa kwa zile pesa za chama ni muda. Utafanya nini na muda huo, hilo halimo kwenye bili.

Hapo ndipo mazoezi yaliponirudia, ila kwa sura nyingine.

Kwanza, sikuruhusiwa kulipa faini. Kwa wiki sita nilikatazwa kubeba kitu kizito, na ukikaa Zimmerman utajua maana yake. Maji yakipotea kwenye mifereji, mtu hubeba mtungi wa lita 20, na lita 20 ni kilo 20, mpaka ghorofa ya tatu. Nilisimama na mtungi wangu chini ya ngazi kama aliyesahau mlango. Mtoto wa jirani, wa darasa la tano, akaninyang'anya. "Anti, wacha nibebe." Alibeba nusu nusu, safari mbili, nikampa pesa ya mandazi. Ikawa kazi yake rasmi.

Mimi kazi yangu ilikuwa kutembea. Dakika tano, mara kadhaa kwa siku. Wiki iliyofuata, dakika kumi. Ukisikia kizunguzungu, kaa chini. Maji hayagugumiwi tena, unanyonya kidogo kidogo siku nzima, kwa hivyo huwezi kusubiri kiu ndipo unywe. Kwanza ule protini, mayai, ndengu, omena, mtindi, kwa sababu mwili unaopungua haraka hauli mafuta peke yake, unakula na misuli. Ukiuchosha bila kuulisha, unaubomoa. Kule jimu nilikuwa nimezoea kwamba maumivu ni dalili ya malipo kupokelewa. Sasa maumivu yalikuwa na maana moja tu: simama.

Nilikasirika. Nilitaka kutoka jasho ili niwe na la kuwaonyesha watu. Siku moja ya wiki ya nne nilijaribu kupanda daraja la Roysambu kwa kasi, nikaishia nimeshika chuma cha pembeni, nyota zinazunguka, mama muuza njugu ananipepea kwa gazeti. Akaniuliza nani ananikimbiza. Sikuwa na jibu la heshima.

Tangu siku hiyo nilianza kuhesabu vitu vingine. Nilihesabu kwamba naweza kuongea huku nikitembea. Kwamba goti la kushoto limenyamaza. Watafiti wamewahi kupima wazee wenye magoti mabovu wakakuta kwamba kila kilo inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Mimi nilisikia hesabu hiyo gotini kabla ya kuisoma. Baada ya wiki sita niliruhusiwa kuanza kunyanyua vizito vidogo, nikaanza na chupa mbili za maji. Jumamosi nikaenda Karura, nikatembea polepole hadi kwenye maporomoko ya maji, na njiani nikagundua kwamba nimefurahi. Hakukuwa na risiti popote.

Ningeishia hapo, ingekuwa insha nzuri ya kujipongeza. Lakini kuna jambo ambalo sijalisema.

Kazini nilikuwa nimedanganya. Niliwaambia nimetolewa mawe kwenye nyongo. Mwezi wa tatu, kilo 27 zikiwa zimekwenda, dada mmoja mdogo wa idara yetu, mwenye mwili kama wangu wa zamani, alinifuata jikoni. "Siz, niambie tu siri. Unafanya nini?" Nami nikasema, "Natembea tu. Na kupunguza chakula."

Kila neno lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilikuwa uongo mzuri.

Akaanza kutembea. Alishukia matatu vituo viwili kabla, asubuhi na jioni. Akaacha kula mchana. Mwezi wa sita alianguka kwenye ngazi za ofisi, mbele yetu sote, hajala tangu jana yake. Mizani yake ilikuwa imeshuka kilo tatu. Alipozinduka, kitu cha kwanza alichosema ni samahani, akiniangalia mimi, kama mwanafunzi aliyemwangusha mwalimu.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba twende Karura, nikamwambia yote. Nilidhani atacheka, au atanikumbatia. Alisimama. "Miezi mitatu nimejiona mvivu," akasema. "Kila siku najilinganisha na wewe. Ungeniambia tu." Kisha akauliza gharama. Nilipomtajia zile laki, alitikisa kichwa na kuanza kurudi getini, mbele yangu, kwa haraka ambayo sikuweza kuifuata.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimeliuliza swali vibaya. Nilikuwa nimetumia miezi nikijitetea kama nimeiba kilo. Kilo hazikuwa za mtu. Hata ile hamu ya kumshinda Kant ilikuwa ni kutaka tu kusifiwa tena na nesi. Wizi ulitokea jikoni pale ofisini, nilipojivika jasho ambalo sikulitoa, na mwenzangu akalilipa kwa mwili wake. Jasho la mtu haliliwi, wazee walisema. Kumbe hata sifa zake haziliwi.

Na njia ya mkato? Naona ubaya wake hauko kwenye ufupi. Mwenye cheti cha kununua hatuudhi kwa kuwa alifika mapema. Anatuudhi kwa sababu anasimama mbele ya wenzake na kusema alisoma, halafu wao wanakesha wakijiuliza wana kasoro gani. Njia fupi iliyotangazwa wazi ni njia tu. Anayeweza aipite, asiyeweza ajue angalau kwamba hakushindwa mbio, bali hakuwa na nauli. Hilo la nauli ni dhuluma ya aina yake, na matembezi yangu hayawezi kulitibu.

Sasa ni mwezi wa tisa. Dada yule tunasalimiana. Wiki mbili zilizopita aliniomba namba ya mtaalamu wa lishe wa hospitali ya umma, nikampa. Bado hatujatembea pamoja tena, na sidhani ni haki yangu kumuuliza lini. Kazini wanajua. Mmoja alisema, "Ndiyo maana," nikamjibu ndiyo, ndiyo maana.

Njaa nayo imeanza kubisha, kwa sauti ndogo. Juzi pale kibandani nilisimama kidogo. Nikanunua chipsi kidogo, nikala vipande sita, nikatosheka, na kesho yake nilitembea kwa sababu ilikuwa siku ya kutembea.

Jana maji yalipotea tena. Nilibeba mtungi mwenyewe, lita 20, nikipumzika kila ghorofa. Mtoto wa jirani alinifuata nyuma, uso umemkunjamana.

"Anti, sasa mimi nitabeba nini?"

Nilifikiria. Nikamwambia kuanzia leo tutachota mitungi miwili ya lita kumi, kila mtu wake, na pesa ya mandazi itabaki palepale.