Msamaria Aliyeahidi Kurudi



Katika Injili ya Luka, sura ya 10, Msamaria mwema hakumfunga majeraha mtu yule kisha akaenda zake. Alimpeleka kwenye nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, tena akaahidi kurudi na kulipa gharama itakayozidi. Ahadi hiyo ya kurudi twaisahau upesi. Kumbe wapo watoto ambao uhai wao waitegemea.

Ndio watoto wenye ugonjwa wa kudumu wa figo. Figo huchuja damu usiku na mchana, zikitoa uchafu na maji yaliyozidi kwa njia ya mkojo. Mtoto mmoja huzaliwa na njia ya mkojo iliyoziba. Mwingine hudhurika kwa maradhi ya koo au vidonda vya ngozi visivyotibiwa. Mzazi huona uso umevimba asubuhi, mkojo una povu au rangi ya damu, na mtoto hakui kama wenzake. Wengine hunena, "Amerogwa." Miezi hupita kwa waganga, na baadhi ya dawa za mitishamba zenyewe huziumiza figo.

Tumfikirie mama wa Myamba, juu katika milima ya Upare. Imempasa ashuke hata Same, kisha ashike njia ya Moshi, kwenye hospitali ya KCMC. Mtoto apewa vidonge, uvimbe washuka, watu wa nyumbani washukuru. Hapo ndipo penye hatari. Nauli ya safari ya pili haipo, vidonge vyaachwa kabla ya wakati, nayo maradhi hurudi kwa nguvu. Figo zikishindwa kabisa, damu husafishwa kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kila juma. Ama hupandikizwa figo ya ndugu, kazi iliyofanywa Muhimbili mara ya kwanza mwaka 2017. Kwa jamaa maskini, hiyo ni mizigo mizito mno. Heri kuzilinda figo mapema.

Basi, tujihoji. Mtoto akifa, kijiji kizima huchanga. Jeneza halikosekani, wala chakula cha matanga. Je, alipokuwa hai akihitaji nauli, tulikuwa wapi?

Wapare wajua jibu. Mfereji hauchimbwi mara moja ukaachwa. Huitwa msaragambo, watu wakatoka na majembe kuuzibua tena na tena, maana wakiuacha, mashamba hukauka. Vigango na jumuiya zetu zifanye vivyo hivyo. Kila mwezi itengwe nauli ya mtoto mgonjwa. Katekista akumbushe siku ya kliniki. Jirani abaki na wadogo zake nyumbani. Tusali pia, lakini sala isiwe kisingizio cha kuacha vidonge, kwa kuwa Mungu huponya hata kwa mikono ya madaktari.

Dinari mbili za kwanza wengi wetu twazitoa kwa moyo. Bwana wetu angojea kuona kama tutarudi. Naye awabariki ninyi na watoto wenu.