Dai Haki Yako, Usimvunje Mtu

Somo: Matendo ya Mitume 27:9–38



Desemba inakaribia, na familia nyingi za Dar es Salaam zinajiandaa kwenda kwao kula Krismasi. Waliodunduliza mwaka mzima wamekata tiketi za ndege kwenda Kilimanjaro, Mwanza au Bukoba. Anayesafiri na watoto anaijua adha yake. Ndege imechelewa, sababu haitajwi. Mtoto wa chini ya miaka miwili hana kiti, anapakatwa, na maziwa yanaisha kabla safari haijaanza. Nduguze wamepangiwa viti mbali na mama yao. Wengine huambiwa ndege imejaa ilhali tiketi wanayo, kwa kuwa mashirika huuza tiketi kupita idadi ya viti, yakitarajia baadhi ya abiria wasitokee. Na mkifika salama, begi la nguo za watoto halionekani.

Hasira hiyo yote humwangukia binti wa kaunta. Si yeye aliyeuza tiketi za ziada, wala hakuharibu injini. Kosa lake ni kuwa karibu.

Mtume Paulo aliijua safari ya namna hii. Alikuwa mfungwa akipelekwa Rumi, katika merikebu yenye watu 276. Kule Krete aliwaonya wasiondoke, maana majira mazuri ya kusafiri yalikuwa yamepita. Akida Yulio, aliyewasimamia wafungwa, akaona heri amsikilize nahodha na mwenye merikebu. Dhoruba ikawakumba, shehena ikatupwa baharini, siku zikapita bila chakula.

Paulo hakunyamaza. Aliwaambia waziwazi kwamba walipaswa kumsikiliza. Wako wanaodhani mcha Mungu humeza kila dhuluma, lakini Maandiko hayakulificha lalamiko hilo. Ila alilisema mara moja, na papo hapo akaanza kuwatia moyo walewale waliompuuza. Baadaye akawasihi wale chakula, akamshukuru Mungu kwa mkate mbele ya wote, akaanza yeye kula. Alikuwa na haki, na haki hiyo hakuigeuza fimbo.

Basi upole wa Kikristo si ububu. Kwa safari za kimataifa upo Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake: begi likiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7, likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea. Kwa safari za ndani, anza na shirika lenyewe, na lisipokusikiliza nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Tunza tiketi, kibandiko cha begi, na risiti za chakula ulichonunua ukisubiri. Barua yenye vielelezo humsaidia hata abiria atakayekuja nyuma yako. Matusi hayamrudishii mtu shilingi.

Tena watoto wako hapo. Mtoto tuliyemfundisha kuamkia wakubwa anamsikia baba yake akimwita binti wa watu mjinga, mbele ya foleni nzima. Somo hilo halihitaji darasa la Jumapili.

Nanyi mnaofanya kazi kwenye viwanja vya ndege, wengi mmo katika sharika zetu: semeni ukweli mapema. Paulo hakuwaficha wenzake kwamba merikebu ingepotea. Aliwaambia hilo pamoja na habari kwamba roho zao zitapona. Mzazi akijua ndege itachelewa saa nne, atawatafutia watoto chakula na mahali pa kulala. Anayeambiwa "subiri kidogo" kila baada ya nusu saa anafanyiwa ukatili, hata kama sauti ni ya upole.

Utakayesafiri msimu huu, walishe watoto kwanza. Kisha nenda kaunta, msalimie mhudumu kwa jina lililoandikwa kifuani pake, ueleze shida yako, na usiondoke bila jibu la maandishi.

Bwana atupe ujasiri wa kudai haki na ulimi usiojeruhi. Amina.