NCHI ZIUNGUAZO NA DHAMANA YA MOTO

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Kila zifikapo khabari za miji iliyoteketea kwa moto wa mwituni, watu huulizana barazani: kwa nini nchi fulani huungua mara kwa mara, na nyingine husalimika? Na wajibuo hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema: hiyo ni ghadhabu ya Mungu juu ya watu waovu. Kundi la pili husema: hiyo ni kadari, wala hapana wa kulaumiwa. Majibu yote mawili yana kasoro, na kasoro yake si ndogo. Kwani la kwanza humdhulumu aliyeungua, na la pili humwachilia aliyeunguza.

Kwanza na zitazamwe sababu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amekijaalia kila kitu sababu yake. Moto mkubwa hauwi ila vikutane vitu vinne: kuni nyingi, ukavu, upepo, na cheche. Nchi ya California katika Marekani, na pwani za Bahari ya Mediteranea kama Ugiriki, Ureno na Algeria, na upande wa kusini wa Australia, zina tabia moja: mvua zake hunyesha zaidi wakati wa baridi, na wakati wa joto hukaa miezi mingi kwa ukavu. Mvua hukuza majani na vichaka, kisha jua huvikausha vyote. Hapo tena huja pepo. California huvuma upepo uteremkao kutoka nchi kavu za bara kuelekea baharini, na kila ushukapo milimani huzidi joto na ukavu. Kusini ya Australia hufikiwa na upepo wa moto utokao jangwani. Na mikaratusi ya huko ina mafuta ndani ya majani yake, na magome yake huchanika yakarushwa na upepo hali yanawaka. Tarehe 7 Februari 2009 joto la mji wa Melbourne lilifika digrii 46.4, na katika jimbo hilo la Victoria moto wa siku ile uliua watu 173.

Lakini tabia ya nchi peke yake haitoshi kuwa jawabu. Mbuga za Afrika huungua kila mwaka, na eneo liunguwalo huku ni kubwa kuliko la bara lolote jingine, wala hazisikiki khabari za miji kuteketea kama huko. Sababu yake ni kwamba majani ya mbuga huungua upesi na kwa chini, na kwa kuungua kila mara hayapati kulimbikana. Wenyeji wa asili wa Australia na wa California nao walikuwa na ada ya kuchoma kidogo kidogo, kwa wakati wake na mahali pake. Walipotawala wageni, ada hiyo ilipingwa. California ilikatazwa kwa sheria ya mwaka 1850. Na mwaka 1935 idara ya misitu ya Marekani ikaweka kanuni kwamba kila moto uonekanao uwe umezimwa kabla ya saa nne ya asubuhi ifuatayo. Nia ilikuwa njema, lakini matokeo yake kuni ziliwekwa akiba miaka na miaka, kama mtu ajazaye ghala la baruti akidhani anajaza nafaka. Fauka ya hayo, nyumba zilijengwa ndani ya vichaka vyenyewe, na moshi wa makaa na mafuta yachomwayo duniani umezidisha joto la ardhi, hata siku za ukavu zikarefuka.

Ama wale wasemao kuwa kila aliyeungua ameadhibiwa, na wautazame mwezi wa Agosti 2021, ulipowaka moto katika milima ya Kabylia huko Algeria. Walikufa watu wasiopungua 90, na miongoni mwao walikuwamo askari waliopelekwa kuokoa. Hao ni watu wa kibla, wenye kusali na kufunga. Na Mtume (S.A.W.) amemhesabu mwenye kufa kwa kuungua kuwa ni katika mashahidi. Basi itakuwaje mtu ambaye sharia yamtaraji kwa daraja ya shahidi, ulimi wa barazani umwite aliyelaaniwa? Mwenyezi Mungu huadhibu amtakaye na humjaribu amtakaye, na elimu ya kupambanua haya mawili haikupewa mtu akaaye mbali akisikiliza khabari.

Ama wale wajifichao nyuma ya kadari, jawabu yao imo katika fikihi. Wamesema ulamaa wa madhehebu ya Imam Shafi: mtu akiwasha moto katika milki yake kwa kadiri ya ada, na hewa imetulia, kisha ukazuka upepo ukarusha cheche ikaunguza mali ya jirani, hana dhamana. Lakini akizidisha moto kuliko ada, au akiuwasha siku ya upepo mkali, yampasa kulipa. Na izingatiwe hukumu hii. Upepo ni wa Mungu katika sura zote mbili, na kadari ni moja katika sura zote mbili. Kilichotofautisha ni elimu ya mwenye kuwasha: huyu hakujua, na yule alijua akathubutu. Kadhalika nyumba ilipoungua usiku Madina na watu wake wamo ndani, Mtume hakuwaambia watu kuwa imekwisha andikwa wakalale. Aliwafundisha kuwa moto ni adui wao, wauzime kabla ya kulala. Na Sayyidna Umar aliporudi asiingie Sham kwa ajili ya tauni, alibainisha kuwa kuikimbia kadari ya Mungu kwendea kadari yake nyingine si kumpinga Mungu.

Hukumu hiyo yabainika katika moto ulioteketeza mji wa Paradise, California, tarehe 8 Novemba 2018. Walikufa watu 85, na majengo zaidi ya 18,000 yaliangamia. Cheche ilitoka katika waya za umeme, zilizoangikwa kwa kulabu ya chuma iliyolika kwa kukaa karibu miaka 100. Upepo mkali wa siku ile ulikuwa umekwisha tabiriwa, na umeme haukukatwa. Mwaka 2020 kampuni yenye waya hizo ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Mwanachuoni wa Kishafi angaliisoma kesi ile angalitambua mas'ala aliyoyasoma darasani: moto wa siku ya upepo.

Pengine atasema msemaji: cheche ni ya mmoja, lakini kuni zililimbikwa na wengi, na nyumba zilijengwa na wengi, dhamana ya wengi hulipwa na nani? Jawabu ni kwamba mali hudaiwa kwa yule ambaye taksiri yake yathibiti. Ama madhambi hayana mpaka huo. Kuulinda mji na madhara ni katika fardhi kifaya. Wakiisimamia baadhi yao wengine huokoka, na wakiiacha wote, wote huandikiwa. Aliyekataza moto mdogo zamani kwa kutojua ana udhuru, mfano wa aliyewasha hewa ikiwa shwari. Lakini baada ya kujua, mwenye kushikilia kosa lile lile hana udhuru. Kwa hivyo kuwa nchi ni yenye kuungua hakumpunguzii mtu wajibu. Humzidishia, kwani amekwisha ujua upepo wake.

Na kutafuta mwenye kosa kusigeuke kuwa dhana mbaya. Katika moto ule ule wa Algeria, kijana mmoja aliyekuja kusaidia kuzima alituhumiwa kuwa ndiye aliyeutia. Umati ukamtoa mikononi mwa polisi, ukamuua na kumchoma, naye hakuwa na hatia. Mwaka 2022 mahakama iliwahukumu wengi kwa damu yake. Dhamana huthibiti kwa ushahidi, si kwa makelele.

Na mwenye shamba wa pwani naye ana sehemu yake katika mas'ala haya. Kaskazi ivumapo na ardhi imekauka, naye ataka kuchoma aliyoyafyeka kabla ya masika, na akumbuke kwamba hukumu ya upepo yamhusu yeye kama iihusuvyo kampuni kubwa. Na afyeke ukingo wa shamba ubaki udongo mtupu, na amwarifu jirani, na angoje hewa itulie, na asiondoke hata majivu yapoe. Akifanya hayo, kisha likatukia lililoandikwa, basi hapo ndipo pake kusema kuwa ni kadari, na neno lake litakuwa ni la kweli.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa kwa moto, na azilinde nyumba za Waislamu na za watu wote, na awajaalie waja wake kuwa waaminifu juu ya kila walichowekewa mikononi mwao. Amin.